Amonia upande wa shaba imeshusha volti, upande wa zinki imezipandisha: naomba hesabu yake

MwalimuMpya_Mbagala | Jumamosi, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam. Ninafundisha kemia kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya huku Mbagala, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kilichonileta ni jaribio nililolifanya Alhamisi mbele ya wanafunzi, ambalo matokeo yake niliyaona kwa macho yangu lakini maelezo yake yakanipotea mdomoni.

Nilitengeneza seli ya kawaida ya zinki na shaba kwa bika mbili za mililita 100. Moja ilikuwa na sulfati ya zinki na kipande cha zinki nilichokisugua kwa msasa, nyingine sulfati ya shaba na ukanda wa shaba, na mimumunyo yote miwili ilikuwa ya mola 0.010 kwa lita. Daraja la chumvi lilikuwa karatasi ya kuchujia iliyolowekwa katika nitrati ya potasiamu. Voltimita ikasoma 1.09, nasi tukafurahi.

Kisha nikaweka bika nyingine ya shaba, yenye shaba ileile ya mola 0.010 kwa lita, ila hii nilikuwa nimeitia amonia kwa wingi, kwa makadirio kwamba baada ya shaba kuchukua sehemu yake ingebaki amonia huru ya mola 1.0 kwa lita. Wanafunzi walikuwa wameniona nikiidondosha: mwanzo yakatokea mashapo ya buluu hafifu kama maji ya uji yaliyotiwa nili, nilipoongeza yakayeyuka yote, na mmumunyo ukageuka buluu nzito kama wino. Voltimita ikasoma 0.67, na tulivyozidi kuitazama ikazidi kushuka pole pole. Baadaye nikarudisha shaba isiyo na amonia, nikaitia amonia upande wa zinki kwa kipimo kilekile. Safari hii ilisoma 1.35.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza: «Mwalimu, shaba haijatolewa hata chembe, na rangi yenyewe imezidi kukolea. Mkolezo si umeongezeka? Mbona volti zimepungua?» Nilimwambia nitamjibu Jumatatu.

Nyumbani nikaingiza mola 0.010 katika mlinganyo wa Nernst, ule unaounganisha volti na mkolezo, pamoja na ile 0.34 ambayo ni potenshali sanifu ya shaba, nikapata 1.10, yaani kana kwamba amonia haikuwapo. Kitabu kimoja nilichonacho kinatumia ayoni huru tu, kingine kinatoa potenshali sanifu mpya kabisa kwa ayoni changamano. Je, vinapingana? Na ningetia amonia pande zote mbili, ingekuwaje?

---

Mhenga_wa_Kemia | Jumamosi, saa 3:25 usiku

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Nilifundisha somo hili miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu, na swali lake ni zuri zaidi ya mengi niliyowahi kuyatunga mimi. Nadhani Kiswahili chenyewe kimemtega: rangi kukolea na mkolezo wa ayoni ni neno la mzizi mmoja, lakini ni mambo mawili. Kilichokolea katika bika ile ni rangi ya [Cu(NH₃)₄]²⁺, ayoni changamano ambamo molekuli nne za amonia zimeizunguka shaba. Mkolezo wa Cu²⁺ isiyoshikwa na amonia umeporomoka karibu na sifuri, na potenshali ya 0.34 iliyoandikwa katika majedwali inamhusu huyo Cu²⁺ peke yake.

Mchukulie mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo. Stoo yake ina magunia elfu moja ya mchele, lakini yote yameshalipiwa na yameandikwa majina ya wenyewe, na mezani limebaki debe moja. Anayepita kununua atakutana na bei ya mchele adimu, hata kama stoo imejaa pomoni. Elektrodi ya shaba nayo ni mpita njia wa namna hiyo.

Sasa hesabu. Konstanti ya uundaji ya [Cu(NH₃)₄]²⁺, yaani kipimo cha jinsi amonia inavyoishika shaba kwa nguvu, ni takriban 1.1 × 10¹³. Kwa kuwa amonia huru ni mola 1.0 kwa lita, kipeo chake cha nne ni 1, na Cu²⁺ huru inakuwa

0.010 ÷ (1.1 × 10¹³) = 9.1 × 10⁻¹⁶ mola kwa lita.

Ukiiweka hiyo katika mlinganyo wa Nernst kwa elektroni mbili na nyuzi 25 za Selsiasi:

E = 0.34 − 0.0296 × log(1 ÷ 9.1 × 10⁻¹⁶) = 0.34 − 0.445 = −0.105 volti.

Kabla ya amonia, nusu-seli hiyohiyo ilikuwa 0.34 − 0.059, yaani 0.281. Imeshuka kwa 0.386. Zinki ya mola 0.010 iko −0.819, kwa hiyo seli inabakiwa na −0.105 + 0.819 = 0.714 volti. Wewe umesoma 0.67, na tofauti hiyo sitaisingizia voltimita yako. Naiacha kwa wanaoshinda maabara.

Vitabu vyako havipingani. Angalia kwamba ile 0.386 ni 0.0296 × log(1.1 × 10¹³) na si kitu kingine. Kitabu cha pili kimekata hicho kiasi mapema kutoka kwenye 0.34, kikakupa potenshali sanifu ya mmenyuko

[Cu(NH₃)₄]²⁺ + 2e⁻ → Cu + 4NH₃

ambayo ni kama −0.05 volti. Ukianza na −0.05, unaingiza mkolezo wa changamano na wa amonia. Ukianza na 0.34, unaingiza ayoni huru. Njia zote mbili zinafika −0.105. Kosa lako lilikuwa kuvaa kiatu cha kushoto cha jozi moja na cha kulia cha jozi nyingine: ulichukua 0.34 ya ayoni huru, ukaipa mola 0.010 za changamano.

Kwa zinki usiseme kwamba amonia «imepandisha» kitu. Nayo imeshuka, kwa sababu ileile. Konstanti ya [Zn(NH₃)₄]²⁺ ni takriban 2.9 × 10⁹, logi yake ni 9.46, na 0.0296 × 9.46 ni 0.28, kwa hiyo zinki imetoka −0.819 ikaenda −1.10. Volti za seli ni tofauti kati ya kathodi na anodi, kama urefu wa chumba kati ya dari na sakafu. Shaba ni dari: ukiishusha, chumba kinakuwa kifupi. Zinki ni sakafu: ukiichimba, chumba kinarefuka mpaka 0.281 + 1.10 = 1.38.

Ukitia pande zote mbili, vyote vinashuka lakini dari inashuka zaidi, kwa sababu amonia inaishika shaba karibu mara elfu nne zaidi ya inavyoishika zinki. Utapata 1.10 − 0.386 + 0.280, yaani takriban 0.99. Majedwali hutofautiana kidogo kuhusu konstanti hizi, lakini usihangaike: ukikosea konstanti mara mbili nzima, jibu linahama kwa milivolti 9 tu. Hiyo ndiyo raha ya logi.

---

Bi_Mizani | Jumapili, saa 4:40 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Hesabu yako siigusi hata desimali moja. Ninaloligusa ni gunia la mchele.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na mfano wa stoo nimeuona ukiwapoteza watu. Gunia lenye jina la mtu halirudi mezani, ilhali changamano hili linavunjika na kuundwa upya bila kukoma. Ukivuta mkondo kutoka kwenye seli na ayoni huru zikapungua, changamano huachia nyingine mara moja. Kwa hiyo volti zimeshuka, lakini kiasi cha chaji ambacho shaba ile inaweza kutoa hakijapungua hata kidogo. Mwanafunzi akiambiwa shaba «imefungwa», atadhani seli imekufa.

Tena tujaribu kuzihesabu hizo ayoni huru. Mola 9.1 × 10⁻¹⁶ kwa lita, katika bika ya mililita 100, ni ayoni milioni 55 hivi. Zinasikika nyingi, ila shaba yote ya bika hiyo ni ayoni 6 × 10²⁰. Elektrodi halisi haiwezi kutulia kwa kutegemea milioni 55 zilizotawanyika kama punje za chumvi baharini. Kinachobadilishana elektroni na metali ya shaba ni changamano lenyewe, linaloachia amonia zake hapohapo usoni pa elektrodi. Hesabu ya ayoni huru inatoa jibu sahihi kwa sababu mfumo uko katika msawazo, na katika msawazo tofauti ya nishati ni ileile upite njia ipi. Ni hesabu ya daftari, nami naitumia kila siku, lakini simwambii mtu kwamba ndiyo picha ya kinachotokea.

Sasa ile 0.67, ndugu Mwalimu. Nenda ukautazame ukanda wako wa shaba. Nina hakika sehemu iliyozama katika amonia imeng'aa kama sinia lililosuguliwa kwa ndimu na majivu, na sehemu ya juu imebaki na weusi wake. Amonia imeilamba oksidi, kisha ikaanza kuila shaba yenyewe, kwa mmenyuko huu:

[Cu(NH₃)₄]²⁺ + Cu → 2[Cu(NH₃)₂]⁺

Katika maji matupu, shaba ya chaji moja haidumu: konstanti ya Cu²⁺ + Cu → 2Cu⁺ ni kama 10⁻⁶. Lakini amonia inaipenda shaba ya chaji moja pia, na kwa kuwa zinatokea ayoni mbili kwa kila moja iliyotumika, upendo huo unahesabiwa mara mbili. Logi ya konstanti ya [Cu(NH₃)₂]⁺ ni karibu 10.9. Ukijumlisha, −6 + 21.7 − 13.0 (hiyo 13.0 ni logi ya konstanti ya [Cu(NH₃)₄]²⁺ inayovunjika), unapata kama 2.7. Mmenyuko uliokuwa haukubali sasa unakubali, na konstanti yake ni mamia. Kama ungeuacha ufike mwisho bila hewa kuingia, karibu shaba yote ya bika ingekuwa ya chaji moja, elektrodi ingeshuka mpaka kama −0.22, na seli yako ingesoma takriban 0.60. Wewe ulikuwa njiani kati ya 0.71 na 0.60. Hewa nayo inaingilia, kwa kuwa oksijeni inaigeuza shaba ya chaji moja, ambayo haina rangi, kuwa buluu tena, na ukanda unazidi kuliwa. Ndiyo maana usomaji hautulii.

Ushauri wa mezani: soma ndani ya nusu dakika ya kwanza, funika bika kwa plastiki, na usiruhusu klipu iguse mmumunyo, maana klipu nyingi zina shaba ndani yake na utakuwa umetengeneza seli nyingine bila kujua. Daraja la karatasi libadilishe kila mara, kwa sababu amonia husafiri ndani yake na kuvuka upande wa pili. Na kwa joto la Dar mwezi huu, chupa ya amonia ikikaa wazi wakati wa mazungumzo, mola zako si zile ulizoziandika. Hata 0.0592 ya Nernst, ambayo nusu yake ndiyo ile 0.0296 ya elektroni mbili, ni ya nyuzi 25: katika chumba cha nyuzi 31 inakuwa 0.0603, na konstanti za uundaji nazo zinahama. Kwa darasa hayo yapuuze, ila usishangae milivolti kumi zikikukimbia.

---

MwalimuMpya_Mbagala | Jumapili, saa 9:05 alasiri

Ninawashukuru wote wawili. Nimepita shuleni baada ya ibada, mlinzi akanifungulia. Ukanda unang'aa hadi kwenye mstari wa maji, kama ulivyosema Dada Mizani, na juu yake ni kahawia ileile. Nikafanya pia jaribio la pande mbili: mwanzo lilisoma 0.96, kisha likaanza safari ya kushuka. Mzee, 0.99 yako ilikuwa karibu sana.

Nikiwa nafunga mlango likanijia swali ambalo najua binti yule hatakosa kuliuliza. Je, ni sheria kwamba ligandi, yaani kitu kinachoizunguka na kuishika ayoni ya metali kama amonia ilivyofanya, hushusha potenshali daima? Na kama ni sheria, kuna mahali popote nje ya bika ambapo jambo hili lina maana? Nisingependa wadhani tunachezea milivolti kwa ajili ya mtihani tu.

---

Mchenjuaji | Jumapili, saa 1:30 jioni

Mwalimu, hilo la pili niachie mimi. Sasa naishi Kigamboni, lakini miaka kumi na moja nimekuwa Kanda ya Ziwa katika uchenjuaji wa dhahabu, na kazi yote ile ni hii mada yenu.

Waulize wanafunzi kwa nini pete ya dhahabu haishiki kutu ingawa tunavuta oksijeni usiku na mchana. Jibu liko kwenye namba mbili. Au⁺ ikipokea elektroni na kuwa dhahabu, potenshali sanifu ni takriban +1.69 volti. Oksijeni katika maji ya besi ina +0.40. Oksijeni ikitaka kuila dhahabu, seli ingekuwa na 0.40 − 1.69, yaani −1.29. Haiwezekani, na ndiyo maana wazee waliweka akiba katika dhahabu.

Sasa tia sianidi. Inaishika Au⁺ kuwa [Au(CN)₂]⁻ kwa konstanti ya kama 2 × 10³⁸. Zidisha logi yake, 38.3, kwa 0.0592: potenshali inashuka kwa volti 2.27. Kutoka +1.69 unaangukia karibu −0.60. Hiyo ni shimo la ajabu, maana dhahabu imeteremka hata chini ya chuma, ambacho kiko −0.44. Oksijeni ileile iliyoshindwa sasa ina volti moja nzima ya kuisukuma kazi:

4Au + 8CN⁻ + O₂ + 2H₂O → 4[Au(CN)₂]⁻ + 4OH⁻

Mtu akisimama kando ya tangi la marudio, yaani mchanga uliokwisha pita kwenye makarasha na kuoshwa mara ya kwanza, haoni chochote kinachochemka wala kubadilika rangi. Ni maji ya kijivu yanayozunguka. Lakini hewa inayopulizwa ndani yake ndiyo kathodi yetu, na kila punje ya dhahabu ni anodi ndogo. Hewa ikikatika, dhahabu haiyeyuki, hata ukimwaga sianidi kiasi gani. Vijana wengi wapya hudhani sianidi ndiyo inayoila dhahabu. Mlaji ni oksijeni, na sianidi imemlegezea mlango tu.

Kuirudisha dhahabu nako ni hesabu ileile. Siku hizi wengi hunasa changamano kwenye kaboni, lakini njia ya zamani ya unga wa zinki inafundisha zaidi. Zinki nayo ikishikwa na sianidi inakuwa [Zn(CN)₄]²⁻, potenshali yake ikiwa takriban −1.26. Dhahabu kwa −0.60 ndiyo dari, zinki kwa −1.26 ndiyo sakafu, kuna 0.66 katikati, na dhahabu inaganda nje ya maji kama matope meusi ambayo asiyejua angeyafagia. MacArthur na ndugu wawili Forrest waliipatia njia ya sianidi hataza mwaka 1887 kule Glasgow, na mlinganyo wa Nernst ulitoka 1889. Walikuwa wanayeyusha dhahabu kabla mlinganyo wa kuyaeleza haya haujaandikwa!

Tahadhari moja, na hii isomwe mara mbili: mwambie mwanafunzi yeyote kwamba haya ni ya kuandika ubaoni tu. Maji ya tangi huwekwa chokaa ili pH isishuke chini ya 10, kwa kuwa ikishuka sianidi inageuka gesi, na gesi hiyo haitoi nafasi ya kujifunza kutokana na kosa.

---

Mhenga_wa_Kemia | Jumapili, saa 2:50 usiku

Bi Mizani, marahaba, na gunia langu nimelirudisha stoo. Umenishinda kwa haki, ingawa kwa dakika mbili za kwanza za kipindi bado nitalitumia.

Mwalimu, nijibu lile la kwanza, kwa sababu hapa ndipo vitabu vingi vya kukariri vinapoteleza. Metali tupu inapokuwa upande mmoja na ayoni yake upande wa pili, ligandi haina cha kushika isipokuwa ayoni, kwa hiyo potenshali hushuka. Hapo unaweza kuita sheria. Lakini zipo nusu-seli ambamo pande zote mbili ni ayoni zilizoyeyuka, kama ayoni mbili za chuma, Fe³⁺ na Fe²⁺, zenye potenshali sanifu ya 0.77 na elektrodi ya platinamu isiyoliwa na yeyote. Ligandi ikiingia humo, inazishika zote mbili, na swali linakuwa: inamkumbatia nani zaidi?

Sianidi inaikumbatia Fe³⁺ kuliko Fe²⁺, kwa tofauti ya karibu mara milioni kumi, na potenshali inashuka kutoka 0.77 hadi kama 0.36. Logi ya milioni kumi ni 7, na 7 × 0.0592 ni 0.41, hesabu inafunga kabisa. Ila chukua fenanthrolini, ligandi inayoipa Fe²⁺ ile rangi nyekundu ya machungwa tunayoitumia kupimia chuma katika maji. Yenyewe inaipendelea Fe²⁺, na potenshali inapanda kupita volti 1.0. Chuma ni kilekile, elektroni ni moja ileile, lakini mmoja ameshuka na mwingine amepanda.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni kobalti. Co³⁺ ndani ya maji matupu ina potenshali ya takriban 1.8, kali kiasi kwamba inayaoksidisha maji yenyewe na kutoa oksijeni, haiwezi kukaa kwenye chupa. Ukiizungushia amonia sita, potenshali inaanguka hadi karibu 0.1, na ayoni ileile iliyokuwa haishikiki inakaa kabatini miaka. Chumvi hizo za kobalti na amonia ndizo zilizomshughulisha Alfred Werner hadi akapata Nobel ya 1913.

---

Bi_Mizani | Jumapili, saa 3:35 usiku

Mwalimu, kama unataka jaribio moja la Jumatatu litakalomnyamazisha kila mtu, achana na zinki, tumia fedha na shaba.

Weka nitrati ya fedha ya mola 0.010 na waya wa fedha upande mmoja, na sulfati ya shaba ya mola 0.010 na ukanda wa shaba upande wa pili. Fedha iko 0.80 − 0.118, yaani 0.682, shaba iko 0.281, na utasoma kama 0.40. Shikilia klipu zako palepale, kisha badilisha bika ya fedha kwa ile yenye amonia huru ya mola 1.0. Konstanti ya [Ag(NH₃)₂]⁺ ni 1.7 × 10⁷, fedha inashuka kwa 0.428 hadi 0.254, na sasa iko chini ya shaba. Voltimita itaonyesha alama ya kutoa, kama milivolti 27. Dari imekuwa sakafu: iliyokuwa kathodi ni anodi, bila waya kuguswa. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo daraja liwe jipya kabisa. Amonia ikivuka kuingia upande wa shaba, shaba itashuka nayo na alama itarudi kuwa ya kujumlisha.

Gharama isikutishe. Mililita 50 za mmumunyo huo zinahitaji gramu 0.085 tu za nitrati ya fedha. Waya uwe wa fedha safi, na si cheni ya sonara, kwa sababu ya sonara huchanganywa na shaba na amonia itaitafuta.

---

MwalimuMpya_Mbagala | Jumatatu, saa 10:20 jioni

Tumeifanya kipindi cha tatu. Mwanzo 0.39, kisha nilipobadilisha bika, −0.02. Binti yule akanyanyuka akaja kusoma mwenyewe, akaniuliza kama nimegeuza nyaya. Nikamwambia azifuate kwa kidole kutoka klipu hadi voltimita. Akazifuata mara mbili, akarudi dawati lake, akaandika kitu kirefu daftarini bila kuniuliza tena.

Mmumunyo wa fedha nimeuacha kwenye chupa ya kahawia, nikiwa na mpango wa kuutumia tena Ijumaa kwa mkondo mwingine wa wanafunzi.

---

Bi_Mizani | Jumatatu, saa 10:31 jioni

Usiuache. Fedha ndani ya amonia ikilala siku kadhaa inaweza kutengeneza mashapo meusi yanayolipuka kwa kutikiswa tu. Rudi leo kabla hawajafunga, usiitikise chupa, mimina kwenye bika kubwa, udondoshee asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa mpaka harufu ya amonia iishe na mmumunyo uwe wa asidi. Kloridi nyeupe ya fedha itatuama chini. Ichuje, ihifadhi, na ya Ijumaa utengeneze mpya.

---

MwalimuMpya_Mbagala | Jumatatu, saa 12:05 jioni

Nimerudi na nimefanya hivyo. Imetuama nyeupe, kama tui la nazi lililoganda.